Mama Aliyeyaogopea Maji

Nina kovu dogo la meno kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na mtu akiniuliza limetoka wapi huwa nacheka kwanza kabla ya kumjibu. Aliyeniuma alikuwa mama wa miaka themanini na kitu, mwembamba kama ufito, aliyebakiwa na meno machache tu mdomoni. Lakini hayo machache yalikuwa bado yana kazi.

Aliniuma bafuni. Wakati huo nilikuwa mgeni katika kazi ya kuhudumia wazee, kwenye nyumba moja ya mawe hapo Mumbuni, Machakos, mtaa ule ule nilikozaliwa. Ni nyumba yenye vyumba vilivyopangana kando ya baraza ndefu, shamba dogo la mboga nyuma ya jikoni, na tangi la maji kwenye kona. Wengi wa wazee wetu walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Familia zao ziliwaleta zikiwa zimechoka kweli kweli. Huyu aliwasha jiko akalisahau hadi paa likashika moto, yule alipotea sokoni akapatikana Lukenya, mwingine alimfukuza mwanawe kwa panga akidhani ni mwizi.

Huyu mama aliletwa na binti yake, mwalimu anayepanga nyumba Mlolongo. Maisha yake yote alikuwa mkulima kule Yatta, katika boma alikoolewa na kulea watoto wake, na baadaye mjukuu. Alipoanza kupotea njia ya kwenda kwa jirani, binti akamchukua akakaa naye ghorofani. Hapo mambo yakawa mabaya zaidi. Mama alishinda akigonga mlango, akiita majina ya watu waliokwisha kuzikwa. Siku binti alipomleta kwetu alimshika mkono matron wetu, akamwambia, "Mimi nampenda mama yangu. Sitaki ufikirie nimemtupa."

Matron alikuwa muuguzi aliyestaafu hospitalini, mwanamke mtulivu mwenye sauti ya chini. Akamjibu, "Hapa hatupokei waliotupwa. Tunapokea waliopendwa mpaka mikono ikachoka."

Sisi wahudumu tulimwita "mwaitu", kama Wakamba wanavyomwita mama yeyote wa kuheshimiwa. Mwenzangu wa zamu, mwanamke mnene mcheshi ambaye wazazi wake walihamia Machakos kutoka upande wa Murang'a kufanya biashara ya nafaka, alikuwa hajui Kikamba zaidi ya salamu. Lakini hiyo salamu aliitoa vizuri. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kusema, "Wakya, mwaitu?" Na mama, hata siku ambazo hakujua yuko wapi, aliitikia "Aa" kwa adabu zote. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa. Shida ilianza tulipomwambia twende tukaoge.

Bafu letu lilikuwa na shawa ya umeme, na tuliionea fahari. Maji ya moto yalitoka wakati wowote, na wazee wengi waliipenda. Yeye, mara tu tulipofungua ile shawa na maji yakaanza kumwagika sakafuni, alibadilika. Macho yalimtoka. Alitupiga kwa viwiko, alivuta pazia, aliurukia ukuta akitafuta mahali pa kushika. Na alipiga kelele neno moja tu, "Kiw'u! Kiw'u!" Kwa Kikamba ni maji. Kwa hiyo tukaelewana sote kwamba anaogopa maji. Wauguzi walilijua hilo, mpishi alilijua, hata bawabu alilijua. Yule mama wa Yatta anaogopa maji.

Tulijaribu mengi. Tulipunguza nguvu ya shawa. Tulimwimbia. Tulimfunga taulo begani ili asihisi matone. Siku nyingine, akiwa amekaa muda mrefu bila kuoga na ngozi imeanza kuwasha, ilibidi tumshike wawili, mmoja mikono na mwingine akisugua haraka haraka, na tulitoka humo sote tumelowa, yeye akitetemeka na sisi tukikwepa kutazamana. Daktari aliyekuwa akitutembelea alishauri tumjaribu na dawa kidogo ya kutuliza kabla ya kuoga. Ilimtuliza, ndiyo. Ilimtuliza hadi akalala mezani uso ukiwa karibu na uji. Matron alimtazama vile, akampigia daktari simu, na wote wawili wakakubaliana dawa ile isimamishwe.

Siku hiyo alituita barazani, wahudumu wote wa zamu ya mchana.

"Nyinyi mkiona mtu anapigana, mnafikiri ni nini?" akauliza.

"Ni ugonjwa," nikasema.

"Ugonjwa umemwondolea maneno. Haujamwondolea sababu. Mtu hapigani bure. Tukijua anapigania nini, tutajua la kufanya. Na mpaka tujue, hakuna kumshika kwa nguvu tena. Tumpanguse kwa kitambaa kitandani, sehemu kwa sehemu, na akikataa tumwache, turudi baadaye."

Basi tukafanya hivyo. Haikutosha. Harufu ilianza kumfuata, na wazee wenzake wakaanza kuhama viti alipokaa. Mtu anaweza kusahau jina la mwanawe na bado ajue kwamba watu wamemhama. Nilimwona akitazama viti vitupu pande zote mbili, kisha akijifunika leso vizuri zaidi, na nikaumia.

Alasiri nayo ilikuwa na vita vyake. Jua likianza kushuka upande wa milima, aliinuka popote alipokuwa, akaingia jikoni na kuchukua chombo chochote kilichokuwa karibu, sufuria, ndoo, hata birika la chai, akaelekea langoni. Bawabu alimzuia. Yeye alimwambia kwa Kikamba, "Nitachelewa, jua linatua." Bawabu akamwambia arudi. Naye akainua sufuria. Zaidi ya mara moja bawabu alikuja kwangu akishikilia kofia yake iliyobonyea. "Huyu mama yako atanimaliza," alisema, na hakuwa anatania.

Mambo yalikuwa hivyo wakati binti alipokuja na habari. Mjukuu, yule aliyelelewa na mama kule Yatta tangu akinyonya, alikuwa amepata mchumba. Upande wa mwanamume walikuwa wamepanga kuleta mbuzi. Kwetu sisi siku hiyo ndiyo ntheo, na msichana ambaye mbuzi zake hazijaletwa hajaolewa, hata kama ana pete kidoleni. Mbuzi zingeletwa kwenye boma la bibi yake kwa sababu ndiko alikokulia.

Binti alikaa kwenye kiti cha plastiki barazani akikunja na kukunjua kitambaa mkononi. "Baba mdogo amesema mama abaki huku," alituambia. Baba mdogo alikuwa ndugu wa marehemu babake, na ndiye aliyekuwa mzee wa boma sasa. "Anasema wageni hawawezi kuletewa mtu anayenuka na kupiga watu. Anasema ni kumlindia heshima yake. Na mimi sina la kumjibu, kwa sababu mara ya mwisho mama alipokuwa nyumbani alimpiga na mwiko mbele ya watu wa kanisa."

"Msichana anasemaje?" matron akauliza.

"Anasema bila susu, yaani bibi yake, hakuna ntheo. Anasema mbuzi zirudi zilikotoka."

"Tupe muda," matron akasema. Hakuahidi kitu.

Juma lililofuata maji yalipotea. Mtu wa Machakos hahitaji kuelezwa. Mfereji ulikohoa hewa, ukanyamaza, na tangi letu likashuka hadi tukawa tunasikia mwangwi tukiligonga. Matron akaagiza maji ya bauza, lori lenye tangi, lakini yalichelewa, na akatoa amri kwamba shawa isiguswe. Kila mzee aoge kwa beseni moja, nusu.

Ilikuwa zamu yangu kwa mama. Nilimpeleka beseni chumbani bila matumaini makubwa, nikaliweka sakafuni mbele ya kigoda, nikaketi kitandani. Sikumwambia tuoge. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka tu kupumzika kidogo kabla hajaanza.

Aliinama akayatazama yale maji. Akatia vidole, akavitoa, akaviangalia.

"Haya ni ya nani?" akauliza kwa Kikamba.

"Ni yako, mwaitu."

"Watoto wameoga?"

Sikujua ni watoto gani. Nikasema, "Wameoga wote."

"Na ya kupikia yapo?"

"Yapo jikoni."

Akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. Akafungua leso, akavua blauzi yake mwenyewe, na akaanza kuoga. Sijawahi kuona mtu akioga vile. Kiganja kimoja cha maji kilitosha uso na shingo. Kingine kilishuka mkono mzima, kutoka begani hadi vidoleni, na tone lililobaki kwenye ncha ya kidole likarudishwa ndani ya beseni. Alijipaka sabuni akajisuuza mpaka nyayo, na sakafu ilikuwa imelowa kidogo tu, kama mahali paka alipokunywia maziwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia taulo na kumsugua mgongo aliponiambia, "Hapa."

Alipomaliza kuvaa, nikainama kuchukua beseni ili nikamwage maji. Akanishika mkono, na nikajua kama nisingekuwa mwangalifu ningeumwa tena. Nikaliacha. Akaliinua yeye mwenyewe, mimi nikishikilia ukingo mmoja, tukatoka barazani, tukapita jikoni ambako mpishi alisimama na kisu hewani akitutazama, tukaingia shambani. Akachagua mpapai uliokuwa umenyauka kuliko yote, akaumwagia maji polepole kwenye shina, akizunguka.

Nilikimbia kumtafuta matron. Nilimkuta akizungumza na dereva wa bauza kwenye simu, na nikamwambia mambo yote kwa pumzi moja, kuhusu watoto, kupika, mpapai. Alikata simu.

"Rudia alivyouliza," akasema. Nikarudia. Akampigia binti papo hapo na kuweka sauti nje ili nami nisikie.

"Mwalimu, mama yako zamani alichota maji wapi?"

Binti alicheka kwa mshangao. "Maji? Kwenye mto wa mchanga. Mto haukuwa na maji juu, unachimba shimo mchangani, unangoja yajae, unachota kwa kikombe. Sisi tukiwa wadogo aliondoka alasiri na kurudi giza limeingia, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Mtu akimwaga maji nyumbani kwetu, alichapwa. Kaka yangu aliwahi kupindua ndoo akicheza, na mama alikaa chini akalia. Hakumchapa hata. Alilia tu." Kisha akasema polepole, "Mungu wangu. Hiyo shawa."

Matron alinitazama. Nilikuwa naiona picha ile ile. Mwanamke aliyechota maji kwa kikombe miaka sitini anasimamishwa uchi kwenye chumba cheupe, na watu asiowajua wanafungulia maji safi yamwagike, yamwagike, yaingie kwenye shimo la sakafu yasionekane tena. Naye anapiga kelele, "Maji! Maji!" na wao wanamshika mikono.

Hakuwa akiyaogopa maji. Alikuwa akiyaogopea.

Tangu siku hiyo, hata mfereji uliporudi, mama hakuona shawa tena. Alipata beseni lake, nusu, na wa kumjibu maswali yake matatu kila mara, kwa sababu aliyauliza kila mara. Tulifundishana majibu. Ni yako. Wameoga wote. Ya kupikia yapo. Mwenzangu wa Murang'a aliyakariri kwa Kikamba, akayasema kwa lafudhi iliyomfanya mpishi acheke hadi ashike tumbo, lakini mama aliyaelewa na kukubali. Mambo ya alasiri nayo yalitatuliwa na mwenzangu huyo, si mimi. Alisema, "Kama jua linatua na hajachota maji, si achote? Kwani tunamzuia kwa nini?" Akanunua mtungi mdogo wa lita tano wenye kishikio kizuri. Jua likianza kushuka, walikwenda pamoja hadi kwenye tangi, mama akajaza, akabeba mwenyewe mpaka kwenye sukuma wiki, akanyunyizia kwa mkono, mche kwa mche. Akirudi alikuwa amechoka vizuri. Alikula, na akalala.

Bawabu alinyoosha kofia yake na kuanza kumsalimia.

Haikuwa kila siku. Kulikuwa na siku alikataa kila kitu, akanitukana kwa maneno ambayo mama yangu mzazi hakunifundisha, na nikaondoka nikarudi baadaye kama matron alivyotuzoesha. Lakini harufu iliisha. Viti vikajaa tena pande zake zote mbili. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa machimbo ya mawe alianza kumwekea nafasi kwa kuweka kofia yake kwenye kiti, na ukijaribu kukaa hapo alikuambia pana mwenyewe.

Jumamosi moja binti alikuja mapema, kabla hatujamaliza kuwaogesha. Matron alimwambia asimame mlangoni mwa chumba, asiseme kitu. Akamwona mama yake akijiosha, kiganja kwa kiganja. Akafunika mdomo. Mama alipoinua beseni kwenda nalo shambani, binti alishika ukingo wa pili niliokuwa nikishika mimi, wakaenda pamoja. Niliwaacha. Kutoka jikoni niliwasikia wakizungumza, na sijui walisema nini, lakini binti aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa anatabasamu.

Akampigia baba mdogo akiwa hapo hapo. Tulisikia upande mmoja tu. "Hapana, baba. Nimemwona mimi mwenyewe. Hapana, hawampi dawa. Baba, naomba unisikilize. Anakuja, na wahudumu wawili watakuja naye. Akisumbua tutamrudisha. Lakini anakuja."

Alipokata simu, mwenzangu akasema, "Mwalimu, leo umefundisha."

Siku ya ntheo tulimvalisha gauni la bluu lenye kola nyeupe, alilokuwa akivaa kanisani, na kitambaa kipya cha kichwa. Tulikwenda kwa gari la binti, mimi na mwenzangu nyuma, mama katikati yetu. Njiani aliuliza mara nyingi tunakwenda wapi, na kila mara tulimjibu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Tulipoingia Yatta na barabara ikawa vumbi, aliacha kuuliza. Aliegemea dirishani. Aliitaja miti.

Boma lilikuwa limejaa watu. Mahema mawili, viti vya kukodi, mbuzi zimefungwa kando ya ua, wanawake wakipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, kwenye sufuria kubwa. Baba mdogo alisimama mlangoni akiwa na koti na fimbo. Alimsalimia shemeji yake kwa heshima lakini kwa mbali kidogo, kama mtu anayesalimia ng'ombe asiyemwamini. Mama akamwitikia, akakaa alipoonyeshwa, nami nikakaa karibu yake. Wageni walifika, nyimbo zikaimbwa, wazee wakaanza maneno yao. Mambo yakaenda. Nikaanza kupumua.

Ndipo nilipoona mama amenyoosha shingo. Kando ya nyumba kulikuwa na tangi kubwa jipya la plastiki, na wasichana waliokuwa wakiosha vikombe walikuwa wameacha mfereji wake wazi wakipiga gumzo. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye mchanga.

Aliinuka kabla sijamgusa. "Kiw'u!" Sauti yake ilikata katikati ya hotuba ya mzee wa upande wa pili. Watu wote waligeuka. Baba mdogo alinitazama, na macho yake yaliniambia nimwondoe.

Miguu yangu ilitaka kukimbia nimshike. Lakini mwenzangu alikuwa amemfikia tayari, na hakumshika. Alitembea kando yake kama watu wanaokwenda mahali pamoja, akamuuliza kwa Kikamba chake kibovu, "Mwaitu, haya maji tuyafanye nini?"

Mama alisimama. Alimtazama. Swali lilimfaa, lilikuwa la mtu mwenye akili. "Lete karai," akasema. Kisha akawageukia wale wasichana. "Na nyinyi, fungeni huo mfereji. Mama zenu waliwazaa au waliwaokota?"

Mfereji ukafungwa mara moja. Karai likaletwa, na vikombe vikaoshwa ndani yake kama vilivyopaswa kuoshwa, huku mama amesimama juu yao na mkono kiunoni. Na kutoka kwenye hema la wageni nikasikia mwanamke mzee akisema kwa sauti ya kuridhika, "Hii boma iko na mwenyewe." Wengine wakacheka, kicheko cha kukubali. Mzee aliyekatizwa hotuba akasema hata kwake nyumbani ni hivyo hivyo, na akaendelea alipoachia.

Chakula kilipokuwa tayari, msichana mmoja alichukua jagi na beseni kwenda kuwanawisha wageni. Mama alimpokonya jagi, si kwa ukali, kama mtu anayechukua kilicho chake. Nikashika beseni. Tukaanza na wazee wa upande wa mwanamume, mmoja mmoja. Alimimina kidogo, akingoja wasugue, akimimina tena kidogo, na hakuna tone lililoanguka nje. Wageni waliinua mikono yao wakamshukuru, "Muvea, mwaitu." Yeye akaitikia kila mmoja. Hakuwajua. Lakini kazi ya kumkaribisha mtu nyumbani kwake aliijua, na mikono yake haikusita mahali popote.

Tulipofika kwa baba mdogo, mzee aliweka fimbo chini. Alinyoosha mikono miwili. Mama akammiminia, na katikati ya kummiminia akamtazama usoni muda mrefu.

"Wewe ni mdogo wake," akasema.

"Ndiyo, mimi ndiye," baba mdogo akajibu.

"Umezeeka."

"Nimezeeka, shemeji."

Kisha tukafika kwa bibi harusi, mjukuu mwenyewe. Alikuwa amekaa katikati ya wenzake, amepakwa poda na rangi na kope za kubandika, mzuri sana. Mama hakumwita kwa jina. Nafikiri jina lilikuwa limemtoka. Alimnawisha mikono, kisha akachota maji kiganjani na kumpangusa uso, paji, mashavu, kidevu, vile mtu anavyompangusa mtoto kabla ya kumpeleka kanisani. Rangi ilishuka, kope moja ikabanduka. Bibi harusi aliufumbata ule mkono kwa mikono yake miwili na kuushikilia shavuni pake, akilia na kucheka, na alipopigwa picha alikataa kwenda kupakwa tena. Picha hizo ninazo kwenye simu. Upande mmoja wa uso una rangi na mwingine hauna, na hakuna aliye mzuri kumshinda.

Tuliporudi jioni, mama alikuwa katikati yetu tena, amechoka.

"Leo tulikuwa wapi?" akauliza.

"Kwenye ntheo, mwaitu. Ya mjukuu wako."

"Nilikula?"

"Ulikula vizuri."

"Nilikula nini?"

"Mbuzi."

Akafikiri kidogo. "Basi ilikuwa ntheo ya maana," akasema, na mwenzangu alicheka mpaka binti akapunguza mwendo wa gari, naye akicheka pia. Tulifika Mumbuni tukiimba. Matron alitusikia kabla hajatuona, akatoka hadi langoni, na bawabu akafungua lango lote, pande zote mbili, kana kwamba tumeleta kombe la mpira.

Majuma kadhaa baadaye nilikuwa nikianika mashuka alipotokea baba mdogo, amevaa koti lile lile. Nilidhani amekuja kumwona shemeji yake. Alikaa kwenye benchi, akazungusha fimbo mkononi, akauliza habari za mvua. Nikamjibu. Akauliza habari za mboga. Nikamjibu.

"Mke wangu ameanza kusahau," akasema mwishowe. "Ameanza kuficha viatu vyangu. Kila siku. Jana nimevipata kwenye pipa la mahindi. Nimemgombeza sana, na anazidi. Nataka kujua mnafanyaje."

Niliweka shuka chini, nikaketi kando yake.

"Baba," nikamwambia, "wewe huwa unaenda wapi ukivaa hivyo viatu?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza neno la kijinga. Kisha nikaona uso wake ukianza kubadilika, taratibu, na akaweka fimbo kwenye magoti yake akaanza kunieleza anakokwenda kila siku, na jinsi mkewe anavyobaki peke yake.